Bwana Mifugo Kashikwa Pua kwa Daktari wa Meno

Leo sina pa kuuficha uso wangu, na nusu ya uso wenyewe siusikii.

Naandika nikiwa kwenye intaneti kafe hapa Korogwe, nasubiri basi la kurudi Handeni. Kuongea siwezi, ganzi bado haijaisha. Mwenye kafe kaniuliza nataka muda gani, nikamjibu "nufu faa", akanionea huruma, akanipa kompyuta iliyo karibu na feni. Basi someni, wana wa chuo tuliosoma mifugo pamoja, kisha mniambie kama kuna wilaya yenye nafasi ya bwana mifugo.

Ni jino. Gego la chini kulia limenitesa wiki nzima. Nimeliwekea karafuu, nimelisukutulia maji ya chumvi, nimeliombea dua. Halisikii. Na kesho nina chanjo ya ng'ombe kule Misima, kazi ya kupiga kelele kutwa. Nikasema leo ndiyo leo, naenda kulitoa.

Hiyo chanjo niwaeleze kidogo, maana ndiyo iliyoniponza. Zamani serikali ilichoma bure. Siku hizi mfugaji anachangia, na mtu akishachangia anauliza maswali. Nimezunguka maboma yote nikifundisha: mshikeni ng'ombe puani, hapo hapigi teke, mgeuzeni kichwa, mmoja amlalie begani, apigwe makofi mawili matatu shingoni ndipo achomwe, hatashtuka. Sindano haiumi, nawaambia. Wananisikiliza vizuri sana, halafu wote wanageuka kumtazama Mzee Saruni, mwenye ng'ombe wengi kuliko wenzake. Yeye hasemi ndiyo wala hapana. Asipoleta wake hakuna atakayeleta, na mimi nitabaki bwana mifugo asiye na mifugo.

Haya. Zahanati yenyewe ya meno ni ya mtu binafsi, iko nyuma ya stendi, na kadi za bima za sisi watumishi wanapokea. Nilikwenda na koti langu jeupe la kazi. (Shati la ndani lina kiraka mgongoni. Sasa mmejua.) Mlangoni kuna benchi, nikakaa.

Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja, shavu limevimba, katoka Bungu alfajiri. Akalitazama koti, akasema, "Za kazi, daktari?"

Mtu mwenye akili angesema, mama, mimi ni mgonjwa kama wewe. Mimi nikasema, "Nzuri, mama. Linauma upande gani?" (Huu mdomo sijui nani aliutuma.)

Akatoa kadi kwenye khanga. "Hii bima ya mume wangu, inalipia kung'oa tu au na kuziba?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea jino."

Akaitikia kwa adabu kabisa. "Na meno ya bandia je? Mama mkwe hana hata moja, na jina lake limo kwenye bima."

"Hayo nayo yanategemea."

Akashukuru. Nikaona kumbe udaktari wa meno si mgumu kama wanavyousema. Akaniuliza kama mswaki wa mti unatosha, nikamwambia unatosha ila usiwe mkavu. Akaniuliza kama jino likitoka mtu anaweza kula makande jioni hiyohiyo. Hapo nilikunja uso, nikafikiri, nikasema ale makande malaini. Nilikuwa nimenoga.

Ndipo nikaona shuka jekundu linaingia getini. Mzee Saruni, huyo, na mkewe kashika shavu, na nyuma yao mdogo wake, mtu wa miraba minne. Nilitamani nipite chini ya benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Aa, daktari wetu! Kumbe huku unatibu na watu?"

Mama wa Bungu akanitazama upya, daktari anayejulikana mpaka na wafugaji. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema kweli, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaufunga mwenyewe. "Tunasaidiana," nikasema.

Mzee akakaa. "Mama huyu jino linamuua. Sisi kadi hatuna. Ng'ombe nalipia, na mke nalipia. Hapa mnapokea mbuzi?"

"Mbuzi ni mnyama mzuri, mzee, ila hapa wanataka fedha taslimu."

"Nikimuuza huyo mbuzi hapo stendi, nikaja na fedha?"

"Hiyo inapokelewa."

"Basi mbuzi mnapokea," akasema, "ila mnataka apite kwanza kwa muuza nyama."

Mkewe akasema kitu kwa Kimaasai. Mzee akanitafsiria: anauliza kama sindano inauma, maana anaogopa, tangu jana anataka kurudi nyumbani. Nikaona hapa ndipo pa kumpata mzee. Nikanyoosha koti. "Mwambie mbu anauma zaidi. Mimi mwenyewe siku nikitolewa jino, hata hiyo ganzi wasinipe."

Mzee akafungua mdomo, akanionyesha pengo la chini mbele. "Haya nilitolewa kwa kisu, mtoto mdogo. Sikulia."

"Unaona, mama?" nikasema. "Sisi wanaume."

Mzee akalitazama koti langu, kisha akasema polepole, "Kesho labda nitaleta ng'ombe." Miezi yote hiyo ya kuzunguka juani, kumbe labda yake ilikuwa inanisubiri hapa kwenye benchi.

Mlango ukafunguka. Daktari wa meno mwenyewe, dada mmoja wa miwani, akaita kwa sauti, "Mhina, bwana mifugo wa Misima, mgonjwa wa bima! Ingia."

Benchi zima likanigeukia. Mama wa Bungu akaniuliza, "Mifugo?"

"Inategemea," nikamjibu, nikainuka.

Ndani kuna kiti, na kiti kina taa, na chini ya taa kuna sindano. Wenzangu, mnanijua. Nachoma madume yenye pembe, nachoma punda, nimewahi kumchoma mbwa mwenye kichaa na mwenye mbwa kakimbia. Lakini sindano zote hizo zilikuwa zinaondoka kwangu. Hii ilikuwa inakuja.

"Fungua mdomo."

"Mmh-mm."

"Bwana Mhina, fungua."

Nikaanza na mimi maswali. Bima inalipia dawa ya kulala? Hailipii. Naweza kuja keshokutwa? Akaniuliza kama jino lenyewe litakubali. Akainyanyua sindano. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua nilimshika mkono, najua mguu wangu uliipiga ile trei ya vyuma, na najua nilitoa sauti. Haikuwa na maneno ndani yake. Mama wa Bungu aliwauliza wenzake kama huko nyuma kuna machinjio.

Pazia la mlangoni likafunguliwa, akaingia Mzee Saruni na mdogo wake.

"Daktari, ngoja," akamwambia yule dada, aliyekuwa chini anaokota vyuma. "Huyu anashikwa. Yeye mwenyewe ametufundisha."

Nilitegemea yule dada awafukuze. Akainuka na vyuma vyake, akasema, "Kama mnaweza, shikeni."

Vidole viwili vikaingia puani. Vidole vya mzee, vinanukia ugoro. Kichwa kikageuzwa upande. Yule mdogo wake akanilalia begani, uzito wote. Akauliza, "Na miguu?" Mzee akamwambia, "Acha. Amesema akishikwa pua hapigi teke." Na kweli sikupiga. (Wana wa chuo, lile somo ni la kweli. Mimi nilikuwa na mashaka nalo.) Pua ikiwa imezibwa mtu lazima apumue, kwa hiyo mdomo ukafunguka wenyewe. Mzee akapiga mluzi mwembamba, ule wa kutuliza ndama. "Oo, tulia. Tulia baba." Akanichapa kofi shavuni. La pili. La tatu.

"Choma," akasema.

Nakula kiapo, sikuisikia sindano.

Nilichosikia ni kicheko. Pazia lilibaki wazi. Mke wa mzee alikuwa mlangoni, anacheka huku kashika shavu lake bovu, na machozi yanamtoka. Akasema kitu kwa Kimaasai. Mzee akatafsiri kwa faida ya watu wote: "Anasema kama ni hivyo tu, anayefuata ni yeye, na asishikwe."

Jino likatoka. Nikatoka na mimi, pamba mdomoni, pua nyekundu. Mama wa Bungu akasogea anipishe. "Pole, daktari," akasema. Halafu, kwa nia njema kabisa: "Na kushikwa pua, nako bima inalipia?"

Mzee Saruni akanifuata mpaka getini. Nikajua imekwisha, ng'ombe hawaji, niandike barua ya kuacha kazi. Akaniwekea mkono begani.

"Kesho naleta ng'ombe wote."

Nikamtolea macho, ndiyo lugha niliyobaki nayo.

"Siku zote nilikuwa najiuliza, huyu anasema haiumi, anajuaje? Mwili si wake. Sasa unajua. Utachoma ng'ombe zangu taratibu." Akafunga shuka lake vizuri. "Na watu wa Misima watakuja wote, nitapeleka habari. Hata wasio na ng'ombe."

Basi ndilo hilo linapiga honi. Msicheke. Na mkishindwa, chekeni upande mmoja tu, kama mimi hapa.