Malalamiko Juu ya Mbuzi Tisa Wasiotulia Mbele ya Kamera

Kampemba, Lubumbashi
Jumatatu ya pili baada ya Pasaka

Kwako Yaya Godefroid, kaka yangu mkubwa uliyeko Kambove,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ingawa ile ya kwako ilinikuta mzima ikaniacha mgonjwa. Umeniuliza, mimi mdogo wako wa tumbo moja, kwa nini mbuzi tisa ulionikabidhi wanaonekana wanne kwenye picha. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa imepungua kidogo, kwa hiyo naleta na mimi malalamiko yangu.

Makubaliano yetu nayakumbuka. Watu wenye bunduki walipoingia Lukafu, ulipakia mbuzi kwenye lori, ukaniletea nyumbani, ukaenda Kambove kuchimba. Mbuzi hao ni mahari ya mwanao Rodrigue. Mzee Mulenga, baba wa mchumba wake Agnès, aliyekimbilia Likasi na watu wake, alikubali kumngojea kijana kwa sharti moja: kila mwezi awaone mbuzi kwenye picha. Na picha nimepiga, Yaya. Nimepiga kwa kamera kubwa ya yule mtafiti wa punda milia niliyemlindia nyumba, aliyeniachia kamera hiyo mkononi siku alipokimbilia uwanja wa ndege. Ni kamera ya wanyama, alisema mwenyewe. Kijitabu chake ni cha Kijerumani, kwa hiyo nimejifunza kwa mateso.

Malalamiko ni haya:

1. Mbuzi wako hawana adabu ya picha. Sisi tukiitwa kupigwa picha tunavaa vizuri, tunasimama wima, tunazuia pumzi, na miguu yote inaonekana, maana picha isiyo na miguu hakuna anayeipokea. Mbuzi wako nimewaeleza hayo kwa upole. Nimewaogesha. Nimewatundikia pazia la maua nyuma yao, kama la studio. Wakala pazia.

2. Lenzi ya mtafiti ni ndefu kama mwiko wa kusongea bukari. Imetengenezwa kumwona punda milia aliye ng'ambo ya bonde. Nikisimama uani kwangu naona sikio moja. Ili niwapate wote tisa, lazima nitoke nje ya parseli, kiwanja changu chote, nivuke barabara, niingie kwa Mama Régine na kupanda ngazi yake. Nikifika juu, wengine wameshajificha. Ndiyo maana picha ya mwezi wa pili ilikuwa na mbuzi saba. Wawili walikuwa nyuma ya choo. Itazame tena hiyo picha: choo kinaonekana wazi kabisa.

3. Kamera hii ina tundu ambalo ukilifungua sana, walio mbele wanakuwa wazi na walio nyuma wanakuwa ukungu. Ni sayansi, si mimi. Mwezi wa tatu nililifungua sana, na mbuzi watano wakawa ukungu hadi wakaisha. Mke wangu Victorine, ambaye hata neno moja la Kijerumani hajui, alisema mbele ya watoto: "Ile mashini iko muzima. Weye njo uko na njala." Yaani mwenye njaa ni mimi; nakuandikia maneno haya ujue ninayoyavumilia.

4. Umeandika kwamba mbuzi hawezi kupotea ndani ya kamera. Yaya, mwaka huu ni kitu gani ambacho hakijapotea? Mishahara imepotea, treni imepotea, polisi wa kona yetu wamepotea na kona wamewaachia wezi. Nchi nzima inatikisika, wewe unataka mbuzi watulie. Wanaotoka vizuri kwenye picha siku hizi ni viongozi tu, kwa sababu hawajasogea tangu walipopata viti. Naumia, nakwambia kweli. Tangu Noeli nakula bukari na majani ya sombe kila siku, au karibu kila siku, na bado nadhaniwa mwizi.

5. Aliyenichosha kuliko wote ni yule jike mwenye baka jeupe usoni, unayempenda. Hajanitazama hata mara moja. Nikilenga kichwa, ananipa mkia. Picha zake ninazo arobaini, zote za mkia, nami naona haya kumtumia mkwe mkia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, uniombe radhi kwa maandishi. La pili, uniletee mbuzi wengine, watano au zaidi, na wawe wanene. Mbuzi mnene hakimbii ovyo, na anajaa vizuri kwenye lenzi. Hawa wembamba wanaivunjia kamera heshima.

Ili usiwe na shaka tena, safari hii situmi picha za karatasi. Ndani ya bahasha natia kadi nzima ya kamera, yenye picha zote, uipeleke kwa mwenye kompyuta. Mtu mwenye hatia hawezi kutuma kadi nzima. Émile wa lori ataifikisha mkononi mwako.

Mwambie Rodrigue asikate tamaa. Wasalimie wachimbaji wenzako, na mama anayewapikia. Victorine na watoto wanakusalimu sana. Wamenenepa, namshukuru Mungu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukuheshimu hata ukinikosea,

Symphorien

Tanbihi: Victorine ananikumbusha kwamba kwenye kadi hiyo kuna pia picha za Pasaka. Namna ya kuzifuta iko kwenye kijitabu cha Kijerumani, na Émile anapiga honi. Siku hiyo Mzee Mulenga alitoka Likasi na wakwe wote kuja kuwaona mbuzi kwa macho yao, nawe unajua mkwe haondoki kwa watu bila kula nyama. Picha zimetoka safi zote. Hakuna aliyetikisika, kila mmoja ameinua sahani yake, na miguu yote inaonekana. Yule jike mwenye baka jeupe nilimsema bure. Yuko katikati ya meza, kichwa kimetulia kwenye sinia, ananitazama. Wakwe waliondoka wameshiba, wanakusalimu, na wanauliza mbuzi wao watafika lini.