Mtandao Unaokatika Saa Nne

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya bodi nzima ya shule. (Si nguo za kweli. Zingekuwa za kweli ningepata nafuu, maana nguo mtu huvaa tena.)

Wanaonijua wanajua mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja hapa Tanga. Jina la shule siliweki. Kesho natakiwa kurudi pale.

Sasa. Tuna chumba cha kompyuta, mashine ishirini, na mtandao ambao kwa mwezi na nusu umekuwa na ugonjwa wa ajabu. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, unakatika. Dakika kumi hivi. Kisha unarudi wenyewe, kimya kimya, kama mtu aliyetoka msalani.

Aliyekuwa akiumia ni Bi Mwantumu, mwalimu wa Jiografia. Saa nne ndipo kipindi chake kinapokuwa kimenoga. Anawaonyesha wanafunzi msitu wa Amani kwa picha zilizopigwa kutoka angani, wanafuata mto kwa kidole, pap! Skrini nyeupe.

Mimi mtaalamu nikatoa hukumu. Nikasema ni yeye. Mapicha yake mazito ndiyo yanayoziba njia. Nikamwandikia Mkuu wa Shule barua (barua, jamani, yenye kichwa kilichopigiwa mstari) kwamba Jiografia ipumzishwe mtandaoni. Ikakubaliwa. Bi Mwantumu akarudi darasani kuchora msitu wa Amani kwa chaki ya kijani.

Mtandao ukaendelea kukatika saa nne.

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza. Mimi nikasema: kumbe tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani! Nikaketi nikaandika Mpango wa Mtandao wa Shule kwa Miaka Kumi Ijayo. Kurasa arobaini na moja. Nyaya za mkongo mpaka kila darasa. Sola na betri za akiba. Vifaa visivyoliwa na chumvi ya bahari. Hata vitu ambavyo bado havijabuniwa nilivitengea nafasi ukutani. Nilimsomea mke wangu ukurasa wa tatu, akasinzia. Nikaona ni uchovu tu.

Na mpango huu haukuwa wa kuwekwa kabatini. Wanafunzi wa zamani wa shule walikuwa wameahidi kwamba wakiridhika nao, watajenga mtandao wote wao wenyewe. Leo wakamtuma mwenzao aje kusikiliza. Injinia Rehema, mtoto wa Makorora, aliyesoma hapo hapo kwetu na sasa kazi yake ni kujenga mitandao.

Saa tatu na nusu tumekusanyika chumba cha kompyuta. Mkuu wa Shule, Mama Shemweta. Wajumbe wa bodi na mwenyekiti wao Mzee Kombo, mstaafu wa reli. Shikamoo zikapigwa. Bi Mwantumu alikaa nyuma kabisa.

Nilizungumza vizuri, sijisifu. Nikafika ukurasa wa kumi na mbili nikatua.

"Waheshimiwa, sitaki mniamini kwa maneno. Zimebaki dakika tano ifike saa nne. Kaeni kwenye mashine hizo, fungueni chochote. Mtaona wenyewe."

Wakakaa. Mzee Kombo akafungua mpira. Ikafika saa nne.

Mtandao ukapeta.

Saa nne na dakika tatu. Unapeta. Na tano. Mzee Kombo akashangilia goli.

"Wakati mwingine unachelewa," nikasema. (Nimesimama mbele ya watu naomba mtandao wa shule yangu ufe. Mwalimu wa kompyuta.)

Saa nne na robo Injinia Rehema akaangalia saa yake, kwa adabu. Mama Shemweta akaniokoa. "Mwalimu, basi mgeni apate japo chai tukiwa tunasubiri."

Nikakimbia ofisini kwangu, mlango wa pili. Nina birika la umeme pale. Nikajaza maji, nikatumbukiza tangawizi, nikawasha. Sijapanga hata vikombe, nasikia kelele: "Umekatika! Umekatika!"

Wallahi, sijawahi kufurahi vile. Nilirudi mbio, birika mkononi, nikipiga kelele kama niliyeshinda kesi.

"Si niliwaambia! Mnaona! Si niliwaambia!"

Injinia Rehema hakuangalia skrini. Aliliangalia birika.

"Mwalimu, ulikuwa unachemsha kwa umeme?"

"Ndiyo, dada. Karibu chai."

"Umelichomeka wapi?"

"Ofisini."

"Twende."

Tukaenda. Wote. Bodi nzima ya shule, kasoro mjumbe mmoja aliyelinda skrini, ikajipanga ndani ya ofisi yenye viti viwili. Nyuma ya kabati langu kuna soketi ya matundu mawili. Moja ni la kompyuta yangu. La pili huwa na plagi nyeusi ambayo waya wake unapanda ukutani na kupotelea darini. Niliikuta nilipohamia. Nikadhani ni ya feni la zamani. Kila asubuhi saa nne, saa yangu ya chai, naichomoa, nachomeka birika, nachemsha, nairudisha. (Mama alinifundisha: ukikuta kitu, kiache kama ulivyokikuta.)

Injinia akaiokota ile plagi sakafuni, akaichomeka. Tukasubiri. Dakika moja ndefu. Kutoka chumba cha kompyuta yule mjumbe aliyebaki akapaza sauti: "Umerudi!"

Akaichomoa.

"Umekatika!"

"Hebu chomeka tena," akasema Mzee Kombo, anafurahia kuliko mpira.

"Umerudi!"

Kumbe kule darini kuna kisanduku kinachogawa mtandao kwenye mashine zote ishirini, na chakula chake ni ile plagi.

"Na hili birika," akauliza Injinia, taratibu, "umelinunua lini?"

"Mwezi na nusu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Bi Mwantumu alikuwa mlangoni.

"Nilikwambia," akasema. "Wiki uliyokwenda semina Muheza, haukukatika hata siku moja. Nilikuja hapa hapa nikakwambia."

Kweli alikuja. Nakumbuka na nilivyomjibu: "Bi Mwantumu, haya mambo yana wenyewe." Nilikuwa nakunywa chai.

Tukarudi kukaa. Nilidhani mpango ndio umekwisha. Injinia Rehema aliufungua mwanzo akaanza kupekua.

"Hapa kuna mkongo, sola, betri. Mawazo mazuri mengi tu. Sijaona ukurasa hata mmoja unaosema leo kuna nini. Waya gani unatoka wapi, nani anautumia, saa ngapi. Ulipouandika ulizungumza na nani?"

Nikafikiri. Nikatafuta jina, lolote. "Na mimi," nikasema.

Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka nao, ila kuna kitu kilinichoma na bado kinanichoma ninapoandika hapa nyumbani Mabawa. Nilikuwa nimepanga miaka kumi ya watoto wa watu na sikuwa nimeinama kutazama nyuma ya kabati langu. Na huko kuinama kungeninyang'anya nini? Vumbi kidogo magotini. Wanafunzi wa Bi Mwantumu wamesoma wiki kadhaa wakitazama msitu wa chaki, kwa sababu mimi sikupenda kuambiwa kitu kuhusu kompyuta na mtu wa Jiografia.

Injinia hakutukatalia. Amesema atarudi likizo, akute mpango mwingine umeandikwa na watu wawili: mimi na Bi Mwantumu. Tupite kila chumba, tuulize kila mwalimu, mpishi, mlinzi. Kila waya ubandikwe jina lake. Kisha ndipo tuzungumze mkongo.

Wageni walipoondoka nilimwomba Bi Mwantumu radhi mbele ya walimu wote, nimesimama. Nikamwambia barua naifuta leo leo, mtandao ni wake saa nne na saa yoyote.

Akajibu: "Radhi nimekupa, mwalimu. Lakini huu mpango ninauandika na mtu anayejua kusoma ramani."

"Najua kusoma ramani."

"Kaskazini ni wapi?"

Nikaonyesha.

"Huko ni Pangani, kusini," akasema.

Basi, kesho kipindi cha tatu niko Kidato cha Pili kwa Bi Mwantumu, dawati la mbele, na daftari jipya. Mkipita pale, nawaomba kwa heshima zote, msichungulie dirishani.