Chatu Weupe Watatu na Sufuria ya Felista

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Stefano wangu kaondoka asubuhi kwenda kijijini Kitaya kumsalimia bibi yake. Kaniachia nyoka. Watatu! Chatu majike wa kigeni, wafupi, weupe kama muhogo uliomenywa. Ni wa tajiri wake wa Dar, ambaye banda lake linaezekwa upya.

Anasema weupe wao ni nguo ya juu tu. Chini yake kila mmoja kaficha rangi, na itatokea kwa watoto. Wa sanduku la uzi mwekundu anaficha kahawia. Wa uzi wa njano, njano. Wa uzi mweusi, madoa. Stefano anaviita vinasaba. Mimi naita damu. Wakichanganyika, tajiri hatajua ampe nani dume gani, na kazi ya mwanangu imekwisha. Miaka mitatu alilala mkekani bila kazi akihesabu mabati ya paa kabla ya kuipata kazi hii! Akaniambia, Mama, usiguse. Nikamwambia niguse nini, nyoka?

Jioni. Nimegusa. Masanduku yalinuka! Mama gani anaacha wageni walale kwenye uvundo? Nikawahamisha kwa koleo la mkaa na sala, wote kwenye sufuria kubwa ya jirani yangu Felista, ile ya shughuli. Nikafunika, nikaweka jiwe. Nikaosha masanduku kwa sabuni, nikayaanika juani. Yananukia! Nikafunua sufuria. Wamejikunja pamoja kama mpira mmoja. Mweupe, mweupe, mweupe.

Yupi wa uzi upi? Yesu wangu.

Jumanne, 2 Agosti

Sijalala. Nimewarudisha masandukuni kwa kubahatisha, yeyote popote. Baba Stefano kasema niwaulize wenyewe. Kisha kaenda zake bandarini akicheka.

Nikaenda kwa Bwana Elia, yule wa utafiti wa mikorosho. Akaniuliza, Mama Stefano, ukishika korosho mkononi unajua mti wake utazaa vipi? Nikasema hapana. Akasema basi, unapanda, unangoja. Chatu naye mpe dume la kawaida, tazama watoto. Nikauliza kwa muda gani. Akasema pengine miaka miwili, mitatu. Stefano anarudi Jumamosi! Wasomi hawana haraka.

Njiani nikamkumbuka mama mkwe. Amani wangu, mdogo wake Stefano, alizaliwa mweupe, watu wakaanza kunitazama vibaya. Mama mkwe akamgeuza mtoto kichwa, akatazama ncha za masikio, akasema huyu mweusi, tulieni. Na kweli, haikupita muda akawa mweusi kama baba yake! Kumbe jibu ninalo nyumbani. Rangi iliyojificha hukaa masikioni.

Nikavaa miwani ya Baba Stefano. Nikawasha tochi. Nikamgeuza wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Nyoka hana masikio.

Jumatano, 3 Agosti

Felista kaja kudai sufuria. Kipaimara cha binti yake Happiness ni Jumapili. Nikamwambia bado naisugua. Akasema, unaisugua tangu Pasaka? Mwanamke ana mdomo huyu! Akapita mwenyewe hadi jikoni, akafunua.

Kumbe sanduku moja sikulifunga vizuri, na mwenye nalo alipenya chini ya mfuniko, akarudi kulala sufuriani. Ukelele ulifika mtaa wa Rahaleo. Felista kaacha sufuria, kaacha na kandambili moja. Chatu maskini aliogopa kuliko yeye. Nilipomaliza kumtuliza Felista pale uani, nikarudi ndani. Sufuria tupu.

Kapotea!

Alhamisi, 4 Agosti

Felista hatanii. Kachukua unga wa salfa ambao mumewe hupulizia mikorosho, kaumwaga mstari mnene kuzunguka uzio hadi mlangoni kwangu, eti nyoka hauvuki. Huku anatangaza kwamba mtu akiamua kufuga majini, akumbuke wenzake wana watoto.

Nimetafuta chini ya vitanda vyote. Hayupo. Nikamwona Stefano moyoni mwangu, amerudi mkekani, anahesabu mabati. Nimelia kidogo nikisonga ugali. Baba Stefano kauliza leo kwa nini una chumvi.

Ijumaa, 5 Agosti

Haleluya! Kaingia mlangoni mwenyewe, tena NI WA NJANO! Njano kweli kweli, kuanzia tumboni. Damu imetoka!

Nimeelewa sasa. Nyoka akitembea damu inachemka, rangi inapanda juu. Bwana Elia na miaka yake! Nikawatembeza na wenzake. Mmoja kapita nyuma ya gunia la mkaa, katoka na madoa meusi. Madoa! Wa mwisho kajiviringisha uani kwenye udongo mwekundu. Kahawia safi! Kila mmoja nimemrudisha kwenye uzi wake.

Nimepika pilau. Baba Stefano kauliza sherehe ya nini. Nikasema sayansi.

Jumamosi, 6 Agosti

Stefano karudi. Kafungua sanduku la njano, kapitisha kidole, kimetoka na unga wa njano, kanusa. Mama, hii salfa. Kalowesha kitambaa, kawafuta. Wote watatu weupe.

Akakaa mkekani. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Heri angenikaripia! Kampigia simu tajiri, Bwana Kassimu, kasema kosa ni lake. Lake! Nikamnyang'anya simu. Nikasema baba, kosa ni langu na la sufuria.

Tajiri kauliza wanakula? Nikasema mmoja kala panya wa jikoni kwangu, na namkaribisha ale wengine. Akasema kwake walikuwa wamegoma kula. Basi Stefano abaki nao hukohuko, kazi ni ileile. Yeye atatuma madume ya kawaida, wazae, tuone watoto. Yaleyale ya Bwana Elia!

Mwanangu yuko kazini, tena yuko nyumbani kwangu. Nimemkumbatia mpaka kasema Mama, mbavu.

Jumatano, 17 Agosti

Madume yamefika kwa basi. Matatu, yote kahawia, yote yanafanana kama mapacha. Stefano kanieleza mara nne kwamba kila dume lina jike lake, uzi kwa uzi, yasichanganyike kabisa. Kisha kaenda kutafuta mbao. Mama, usiguse.

Sigusi. Nimeshapata somo.

Lakini safari ya kutoka Dar si mchezo. Masanduku vumbi tupu, yananuka dizeli. Na jua la leo limewaka vizuri.

Na sufuria bado iko hapa. Felista kaapa haitaki tena.