Nyoka wa Gesima na Ramani Yangu Nyekundu

Ijumaa, 7 Machi
Mlango wa riziki umefunguka! Daktari Janat, mtafiti wa nyoka, anatafuta msaidizi wa hapa Gesima. Atakayemletea ramani bora ya mahali nyoka wanapoweza kupatikana, kwa takwimu, kazi ni yake. Jirani yangu Nyabuto naye anaitaka. Nyabuto! Hata kuku wake hajui wanakotagia. Lorna, mke wangu, ameniambia nikachume chai. Hanielewi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda mlangoni pa kanisa la Wasabato nikimuuliza kila mtu alimwona nyoka wapi. Mzee wa kanisa amenikumbusha kuwa leo ni siku ya kupumzika. Nikamjibu mikono imepumzika, kinachofanya kazi ni mdomo. Karibu wote walimwona njiani wakija kanisani. Ajabu! Kumbe nyoka wa huku ni wacha Mungu.

Nyabuto anazunguka vichakani na gambuti zake. Maskini. Kule atamuuliza nani?

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga asilimia mpaka wino ukaisha. Kwenye ramani rangi nyekundu ni nyoka, na kanisa lote ni jekundu. Nikawatahadharisha wanakwaya, kwa wema tu. Orpah wa sauti ya kwanza akaona mkanda wa mtu sakafuni, akapanda benchi. Mazoezi yakavunjika. Wamenilaumu mimi. Tenda wema nenda zako.

Jumatano, 12 Machi
Daktari aliitazama ramani yangu. Kisha akasema, "Bwana Mogire, hapa umeonyesha watu wanakopita, si nyoka wanakoishi. Pasipo na habari si kwamba hapana nyoka."

Kazi amepewa Nyabuto. Eti aliandika hata alikotafuta asiwaone! Nani husifiwa kwa kutoona? Nimeumia, sikatai. Lakini Daktari anahitaji msaidizi wa pili, na ameniruhusu nirekebishe ramani.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeelewa! Pasipo na habari ndipo walipo. Amesema mwenyewe, au karibu hivyo. Nimeigeuza ramani yote. Kanisa sasa ni jeupe, kwaya iimbe kwa amani.

Mahali pekundu kuliko pote ni ng'ambo ya mto: chumba cha kulala cha mama mkwe. Sina habari hata moja kutoka mle, kwani kwetu Wakisii mkwe kukanyaga humo ni mwiko mkubwa. Masikini mama wa watu, analala na nyoka wote wale!

Kesho alfajiri naingia na fimbo. Nyabuto ameniazima gambuti. Lorna sijamwambia, nataka afurahi ghafla.