Saini ya Mzee Bukuru

Leo nimeaibika, jamani. Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia huko mtaani Makanyagio.

Mimi ni katibu wa asasi yetu ya kutunza chemchemi hapa Misunkumilo. Tunaomba ruzuku ya mazingira ya serikali. Fomu inataka katiba, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao na saini za waanzilishi wote. Mwisho leo, saa kumi jioni. Ilibaki saini moja tu, ya Mzee Bukuru, aliyehamia Kapalamsenga.

Asubuhi nikapiga simu. Mtandao unakatakata. Akapokea mke wa mwanae.

"Mzee... ametutoka... alfajiri."

Simu ikakatika.

Nililia. (Kweli, mwanaume mzima.) Kisha kwenye nafasi ya saini yake nikaandika kwa wino: MAREHEMU.

Saa nane nikawa ofisi ya ruzuku, pamoja na waanzilishi wenzangu wanne. Umeme hakuna, wingu zito, chumba giza kama stoo. Mama afisa akaikagua fomu kwa tochi ya simu.

"Pole. Mwanzilishi akifariki, inatakiwa barua ya mtendaji wa kijiji."

"Mama, amefariki leo leo."

Akanionea huruma. "Basi tusimame, tumkumbuke."

Tukasimama watu sita, macho tumefumba. Kimya. Hata mvua iliyokuwa ikipiga bati ikakatika ghafla. Halafu nikasikia harufu ya dagaa. Mlango ukalia, taratibu. Nywele zikanisimama. Mkono wa baridi, umelowa, ukatua begani kwangu.

"Mwanangu, mnamwombea nani?"

Sauti ya Mzee Bukuru!

Nikapiga magoti bila hata kugeuka. "Mzee, nisamehe! Yule jogoo wako hakubebwa na kicheche! Nilimla mimi! Na mchuzi nikanywa!"

Afisa akammulika mzee: koti la mvua linachuruzika, mkononi mfuko wa dagaa.

"Nimetoka nyumbani alfajiri nije kusaini," mzee akasema. "Sasa... jogoo yupi?"

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Fomu haipokelewi ikiwa imefutwafutwa, nikapewa mpya. Nikaijaza yote upya, wenzangu wakasaini tena, mzee kanikazia macho. Akasaini zikiwa zimebaki dakika kumi. Imepokelewa!

Msinicheke sana. Ila nyie mkitaka kuungama, geukeni kwanza.