Nyanya Iliyovaa Tai

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi ametangaza kibandani kwake anapouza sandwichi, mbele ya wateja wote: Jumapili, atakayeleta nyanya ambayo kipande chake kimoja kinafunika slesi nzima ya mkate, huyo ndiye atakayemuuzia nyanya msimu mzima. Nikasema mashindano yamekwisha, wengine waje kupiga makofi. Mama akakumbushia biashara zangu za nyuma: kware (waliruka) na sabuni (haijaganda hadi leo). Nikishindwa na hili, naenda kwa mjomba, fundi cherehani, kushona vifungo. Vifungo! Mimi! Mjomba ameshaniwekea kigoda.

Mche wangu uliobaki hai ni mmoja. Nimeuchuma nyanya changa kumi na moja, nikaacha moja, kubwa kama ngumi. Chakula cha kumi na wawili atakula mmoja. Jina lake Mheshimiwa. Mdogo wangu wa kike, tunayemwita Sisimizi, ana tuta lake hapo hapo uani. Ameacha tatu kila mche. Eti kaka, mwenye shati moja hachezi karibu na moto. Ana miaka kumi na moja huyo!

Jumatano, 5 Machi
Mheshimiwa amenenepa, shingo inalegea. Nimemfunga kwenye kijiti kwa tai yangu ya shule. Miaka mitatu tai ile haikunisaidia kitu. Leo imepata kazi. Jirani, fundi baiskeli, akachungulia juu ya ua akauliza nyanya inaingia kazini saa ngapi. Nikamjibu ikishafika ofisini itamtafutia na yeye kibarua.

Sisimizi ametandaza nyasi kavu shinani. Nikamuuliza kama miche yake ina homa. Anamwagilia kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mimi sijamwagilia tangu Jumapili. Kujisifu nako ni kazi!

Ijumaa, 7 Machi
Nimempima Mheshimiwa na slesi. Amepungukiwa nusu kidole kila upande. Halafu akili ikafunguka. Nyanya ni nini? Maji ndani ya ngozi. Basi ongeza maji! Ndoo sita. Sisimizi akasema taratibu kaka, haba na haba hujaza kibaba. Nikamwambia mwenye ndoo hana haja na kibaba.

Jumamosi, 8 Machi
Amefunika! Slesi haionekani! Nimezunguka mtaa mzima kuwapa watu habari, waliotaka na wasiotaka. Mjomba nikamwambia kigoda akikalie mwenyewe. Nikarudi, nikamwongezea Mheshimiwa ndoo mbili za heshima.

Saa kumi jioni. Amepasuka. Kuanzia begani hadi kitovuni. Sikulia. Lilikuwa jasho, limekosea njia. Nimembandika seloteipu.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi akauliza mgonjwa huyu kaumia wapi. Akabandua seloteipu, akakata. Kipande kikamwagikia aproni. Akaonja, akasema ladha ya ndoo anaijua. Mjomba alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Cha Sisimizi kilifunika mkate wote isipokuwa pembe moja. Shangazi akasema hapo ndipo mtu anaposhikia.

Mama akaokota pini moja ya mjomba, akaniwekea kiganjani. Heri angenigombeza.

Mjomba alikuwa ameshanishika bega Sisimizi aliposema hawezi kumtosheleza shangazi peke yake. Akiwa shuleni nani atamwagilia? Anamtaka kaka yake. Nikapenga kamasi, vumbi la pale kibandani limezidi. Mama akakubali: wiki moja ya majaribio. Nikiharibu, vifungo.

Jumatatu, 10 Machi
Sisimizi ameniachia kikombe chake, akasema nisiguse ndoo, akaenda shule. Sawa, bosi. Ndoo sijaigusa. Kosa la juzi nimeshalijua: maji yalikuja kwa kishindo, nyanya ikashtuka. Kikombe hiki ni kidogo, hakimshtui mtu. Na hakusema nikijaze mara ngapi.

Nimefika cha arobaini na mbili. Nyanya zake zinang'aa! Moja imetoa mlio kidogo. Nadhani ni furaha.