Robo ya Digrii ya Marehemu

Jumatatu, 6 Januari 2025. Jinja.

Kikao cha walimu, likizoni. Madam Janepher, mwalimu mkuu wetu, ametuita tukae saa mbili ili atuambie jambo la dakika mbili. Siku hizi mwalimu ni digrii. Mimi nina cheti cha Gredi ya Tatu, miaka ishirini na miwili ya kufundisha, na kikohozi cha chaki. Havihesabiki. Nikitaka kubaki naibu wake, nimletee kabla ya tarehe tatu Februari barua ya chuo inayosema niko mwaka wa tatu wa digrii. Nisipoleta, unaibu na funguo za kabati la vitabu vinakwenda kwa Tonny.

Tonny ana miaka ishirini na sita, digrii ya ualimu na tai mbili. Huwauliza watoto wa darasa la pili wanajisikiaje. Wanamjibu wana njaa. Anaandika.

Mwaka wa tatu, ndani ya wiki nne. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Wazo limenijia nikifua soksi. Zaituni wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwaka wa tatu. Kila likizo alikwenda Mbale kusomea digrii ya ualimu. Mihula mitano alimaliza, wa sita ukamkuta na ugonjwa. Tulipogawana mirathi mwezi wa nne tuligawana cherehani, mikeka na kile kipande cha shamba Buwenge. Digrii hakuna aliyeitaja. Iko Mbale, imekaa bure, haina mtu wa kuiangalia.

Mali ni mali.

Jumanne, 7 Januari

Kwa Sheikh Hakim, baada ya adhuhuri. Sikutaka kumchosha na maelezo. Nilimwambia kuna mali ya marehemu imebaki Mbale, nani ana haki gani. Alihesabu kwa vidole bila hata kufungua macho vizuri. Mume robo. Mtoto wa kike mmoja, nusu. Kinachobaki, yaani robo nyingine, ni cha kaka wa marehemu. Akaniandikia, akagonga muhuri. Akauliza kama ni ng'ombe. Nilisema inafanana na ng'ombe, inahitaji uvumilivu.

Robo si nyingi, lakini Swabrah ni binti yangu, nusu yake atanipa. Jumla robo tatu. Robo tatu ya mihula mitano naiita mwaka wa tatu, na anayebisha alete mahesabu yake.

Kaka wa marehemu ni Faruk. Hana haja ya kujua.

Alhamisi, 9 Januari

Faruk anajua. Sheikh ni mwaminifu, amempelekea habari mpaka Masese, anakouza samaki. Amekuja asubuhi na samaki wawili, ngege, na uso wa mtu aliyeonewa. Shemeji, umenificha kiwanja, alisema kabla ya salamu. Nikamweleza kwamba si kiwanja, ni digrii. Nilidhani atarudi kwa samaki wake. Amekaa chini.

Darasa la saba Faruk alilifanya mara mbili, na mara zote mbili lilimshinda. Sasa ni mrithi wa elimu ya juu. Aliuliza robo ya digrii huko Masese inaweza kuuzwa kwa nani. Aliuliza kama anaweza kuchukua robo yake upande wa mshahara tu, upande wa kufundisha aniachie mimi. Nikamwambia digrii haikatwi kama samaki. Akasema kila kitu kinakatwa, shemeji, ni kisu tu.

Swabrah alisikiliza yote akimenya matoke. Naye ameingia chuo hicho hicho cha Mbale, digrii ya kazi za vijana. Miaka mitatu ya kujifunza kukaa na vijana. Mimi nimekaa nao miaka ishirini na miwili bila hata kitabu, na hawajabadilika. Alisema, Baba, masomo hayarithiwi. Nikamwuliza hilo limo ukurasa wa ngapi. Alisema nusu yake haitaki, tugawane wawili tuliobaki. Faruk alimshukuru kwa machozi.

Jioni nimefungua sanduku la Zaituni. Chini kabisa, ndani ya gunia la sukari lililofuliwa, nimelikuta faili lake la mazoezi ya kufundisha. Maandalizi ya masomo arobaini, michoro, picha za watoto. Alilimaliza wiki aliyolazwa. Alikuwa akikandamiza kalamu, unaweza kusoma ukurasa wa nyuma kwa kidole. Nilikuwa namwambia atatoboa meza.

Faili nalo ni mirathi. Nimekoroga gundi ya unga wa muhogo na kubandika karatasi yenye jina langu juu ya jina lake. Siraj. Limekaa vizuri. Usingizi haujaja, lakini hiyo ni shauri ya ngege niliowala.

Jumatatu, 13 Januari. Mbale.

Faruk alisisitiza kuja. Amevaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni. Kalamu haina wino, nimeikagua.

Getini askari wa chuo, mzee Otiende, zamani jeshini, alifurahi kusikia Kiswahili. Mwalimu wewe nataka nani, aliuliza kwa Kiswahili cha kambini. Nikasema, afande, nimekuja kuchukua mirathi. Alitupigia saluti. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Ofisi ya msajili kuna bwana mmoja, Gidudu, miwani imefungwa kwa uzi. Alisoma karatasi ya sheikh mara tatu. Kisha akatoka, akarudi na watu wanne wa ofisi za jirani, akaniomba nirudie. Nikarudia. Mmoja aliuliza, mtu akioa wake wawili, daktari na mwanasheria, watakapofariki atatibu au atashtaki. Walicheka mpaka mama wa chai akaja kuuliza nani amefariki. Faruk akamjibu kwa heshima, dada yangu.

Hapo waliacha kucheka. Simpendi Faruk, lakini hilo naliandika.

Gidudu alikaa, akasema kwa upole: Mzee, digrii si mbuzi. Akaomba jina la marehemu, akatafuta kwenye kompyuta. Halafu akaisogelea skrini. Akasema huyu mama mitihani ya muhula wa sita aliifanya yote. Kimebaki kitu kimoja, faili la mazoezi ya kufundisha. Likifika kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa tarehe kumi na saba, jina lake linaingia kwenye orodha na anapewa digrii yake, ingawa hayupo. Ikipita hapo, jina linafutwa moja kwa moja. Je, nyumbani hakuna faili?

Faili lilikuwa magotini mwangu, ndani ya mfuko, jina langu juu yake.

Nikasema tutaangalia.

Nilidhani mtihani wa mwisho hakuufanya. Siku ile alitoka na plasta ya hospitali mkononi, akaniambia anaenda sokoni. Nilimgombeza jioni kwa kurudi bila nyanya.

Kuhusu mimi, Gidudu anasema nakaribishwa sana. Mwaka wa kwanza.

Jumanne, 14 Januari

Akili inafanya kazi. Tonny mwenyewe, kwa wema wake unaoudhi, ameniambia kuna chuo kipya Nalufenya, juu ya duka la saruji, kinachompokea mwalimu mzoefu moja kwa moja mwaka wa tatu akileta faili kamili la mazoezi ya kufundisha. Barua unapewa siku hiyo hiyo. Ameniambia ili nisihuzunike, anasema hapendi kuchukua funguo za mtu. Nimemshukuru kwa meno.

Faili ni moja. Zaituni hahitaji barua, hana mwalimu mkuu wa kumsumbua huko aliko. Mimi ninaye. Ni hesabu rahisi. Nimeifanya mara sita.

Jumatano, 15 Januari

Nalufenya. Mkuu wa chuo ana suti ya samawati na vumbi la saruji mabegani. Alilipokea faili kwa mikono miwili. Akafungua hapa na pale, akasema, Mwalimu Siraj, kazi hii nimeiona mara chache. Nilikubaliana naye. Karatasi ya barua tayari ilikuwa kwenye mashine.

Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja na kucheka kidogo. Pembeni mwa somo la kutoa, Zaituni alikuwa ameandika: "S. ameleta chai darasani. Sukari nyingi tena. Watoto wote wameona." Mkuu akauliza, S. ni nani?

Nilitaka kusema ni mimi. Lakini mimi ndiye niliyeandika, jina liko juu ya faili. Nikasema S. ni mke wangu.

Akatikisa kichwa. Mwambie apunguze sukari, mwalimu.

Miezi kumi hakuna mtu aliyenisema kwa sababu ya sukari. Nimekaa pale nikiangalia mwandiko. Halafu nikasimama, nikalichukua faili mikononi mwake, nikasema samahani nimesahau birika motoni. Aliniita mpaka ngazini. Barua ilikuwa imeshatoka nusu kwenye mashine, nimeona "mwaka wa ta".

Njiani nimejitukana kwa lugha zote ninazojua. Sisi Wanubi tunazijua nyingi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemweleza Swabrah kila kitu. Alinisikiliza kama kitabu chake kinavyoelekeza: hakunikatiza, hakunihukumu, akarudia maneno yangu kuhakikisha ameelewa. Kwa hiyo, Baba, unasema ulibandika jina lako juu ya jina la mama kwa unga wa muhogo. Ningependa anipige kofi. Kama hivi ndivyo watakavyowafanyia vijana, nawahurumia.

Alichemsha maji. Tukashika faili juu ya mvuke wa birika, yeye upande huu, mimi upande ule. Karatasi yangu ilitoka, lakini ilitoka na wino wa chini. Jina la Zaituni limekwenda na langu. Limebaki jalada tupu, rangi ya maziwa.

Nikatafuta kalamu niliandike upya. Swabrah akanishika mkono, akauweka juu ya jalada. Herufi zipo. Alikandamiza kama kawaida yake.

Swabrah anasema tuliache hivyo. Mimi ningeandika. Nimeliacha.

Ijumaa, 17 Januari. Mbale.

Tumefika saa nane na nusu. Faruk amekuja na mfuko mzima wa mukene, dagaa wakavu wa ziwani, kwa ajili ya Gidudu, ili mambo yanuke vizuri. Otiende alitupigia saluti tena, safari hii akacheka.

Gidudu aliliangalia jalada na kuuliza jina liko wapi. Nilimwonyesha kwa kidole. Akavua miwani, akapitisha dole gumba polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Akasoma kwa sauti, jina lote, mpaka la baba yake. Akauliza kwa nini linanuka muhogo. Nikasema, hali ya hewa ya Jinja. Amegonga muhuri.

Siku ya mahafali mtu mmoja wa familia atapanda jukwaani kumpokelea. Faruk hapo hapo akauliza vipimo vya kofia.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, na kwa kuwa Gidudu alishakata karatasi kabla sijakataa, nimejiandikisha. Ualimu, mwaka wa kwanza. Fomu inauliza, "Una uzoefu wowote na watoto?" Nimeandika: kidogo.

Jumatatu, 3 Februari. Jinja.

Shule imefunguliwa. Nimekabidhi funguo mbele ya gwaride. Tonny alipokea, kisha akaniuliza ninajisikiaje. Nimemwambia nina njaa. Aliandika.

Kabati limemshinda kufungua. Kufuli lile linataka uinue mlango kwa goti. Hakuniuliza, sikumwambia. Watoto wa darasa la pili wamekaa bila vitabu mpaka saa nne, ndipo nikaenda na goti langu.

Wiki iliyopita nilikuwa Mbale, masomo ya kwanza. Tulikaa sabini ukumbini, wengine niliwafundisha kufunga kamba za viatu. Swabrah yuko jengo la pili. Tukikutana ananiita mwanachuo. Tulipewa zoezi la ukurasa mmoja, "Kwa nini nataka kuwa mwalimu." Nimepata arobaini na moja kwa mia. Mhadhiri ameandika pembeni: "Hujashawishi."

Usiku wa jana nilijipikia chai na kufikiri. Nilifanya kosa gani katika jambo hili lote? Nimeliona. Zaituni hakuacha maandishi. Angeandika mapema, sheikh angegonga, chuo kingeheshimu, na Gidudu asingepata cha kuchekea. Kosa halirudiwi nyumba hii.

Kwa hiyo leo nimeandika wasia. Alama zangu arobaini na moja, nikifa kabla ya kumaliza, nusu ni za Swabrah kwa sheria, atake asitake. Faruk si mrithi wangu, lakini amekuja na ngege mmoja na kalamu mpya, ina wino, na theluthi ya wasia mtu anaruhusiwa kumpa amtakaye. Nimempa kumi na tatu. Ameomba ziwe kumi na nne, nimemwambia asome.

Sheikh Hakim ameniona dirishani nikija na karatasi. Alifunga dirisha, kisha mlango. Kutakuwa na upepo upande ule. Nimeusukuma wasia chini ya mlango, nusu ndani, nusu nje.

Kesho nitapita kuchukua muhuri.